Magnolia ya porini yenye majani makubwa: Louisville naipanda upande gani wa nyumba?

MamaZawadi, Louisville, Kentucky

Habari zenu humu ndani, wakubwa wangu shikamooni. Naomba wanaojua miti wanisaidie, maana kwetu Kasulu nilijua migomba, maharage na michikichi, mengine sikuhangaika nayo.

Mwishoni mwa mwezi wa tano tulikwenda matembezi Red River Gorge, kwenye mabonde ya mashariki mwa Kentucky, na familia nyingine ya kanisani. Tunateremka kwenye bonde lenye kijito, nikaona mti ambao tangu nifike nchi hii sijaona mwingine wa namna ile. Jani moja lilikuwa limekatwa na upepo, liko njiani. Nikaliweka kwenye mkono, likaanzia kiwikoni likapita ncha za vidole na likazidi. Juu kijani, chini jeupe linalong'aa. Kwenye tawi la juu kulikuwa na ua moja tu, jeupe, pana kama sinia la chai. Mhifadhi akatuambia hiyo ni magnolia ya asili ya hapa hapa, haikuletwa na mtu, na baridi ikija inapukutisha majani yote.

Tangu siku hiyo naitaka nyumbani. Tulinunua nyumba mwaka jana. Kiwanja si kikubwa sana. Mbele kunaangalia magharibi, jua la mchana lote linaishia hapo na upepo hauna kizuizi. Nyuma kuna uzio wa mbao, na mwaloni mkubwa wa jirani unatupa kivuli saa za alasiri. Udongo ni mfinyanzi, kiangazi unapasuka nyufa zinazoingia kidole. Nadhani waliojenga waliukwangua ule wa juu wakaondoka nao.

Mimi nataka iwe mbele, kila anayepita aione. Mume wangu anasema mti unaokaa uchi nusu mwaka ni wa nini, afadhali tupande ile magnolia isiyopukutika. Na kule bondeni kulikuwa na vimche vingi chini ya mti mkubwa. Nikirudi niking'oa kimoja nitakuwa nimefanya dhambi? Mizizi yake haitaingia kwenye bomba la maji taka? Picha ya lile jani hii hapa, nimeliweka mezani pamoja na rula.

KakaDayton, Ohio

Hongera kwa nyumba dada. Mimi mti usioliwa sina habari nao. Mbele ya nyumba yangu kuna mtini, Agosti watoto wanagombania tini na ndege. Magnolia utaila?

Ila usichimbe shimo lolote kabla ya kupiga simu 811. Ni bure. Unawaambia siku chache kabla unachimba wapi, wanakuja kuweka alama za rangi kwenye nyasi kuonyesha gesi, umeme na maji vinapita wapi. Na kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, soma kanuni zao kwanza. Wengine wanakupangia hata rangi ya mlango, sembuse mti wa mbele.

BabuAmani, Lexington, Kentucky

Marahaba mama Zawadi. Mimi ni mtoto wa Amani, Usambara Mashariki. Baba alikuwa kibarua kwenye bustani ile ya miti walioianzisha Wajerumani mwaka 1902, kwa hiyo nimekua katikati ya miti ya kila bara. Huku Kentucky nimefanya kazi kwenye kitalu mpaka nikastaafu. Utaniwia radhi, nitaandika mrefu, maana huu ni mti ninaoupenda na watu wanauua bila sababu.

Kwanza tuhakikishe ni upi. Nimeikuza picha yako nikaangalia mahali jani linaposhikana na kikonyo. Hapo chini kabisa jani limejigawa, limefanya masikio mawili madogo, moja kila upande. Masikio hayo pamoja na weupe wa chini yananiambia ni Magnolia macrophylla. Ingekuwa Magnolia tripetala, ambayo nayo ipo kwenye mabonde hayo hayo, jani lingechongoka taratibu kuelekea kikonyo bila masikio. Halafu ua lake linanuka vibaya, utanishukuru kwa kukwambia. Ipo pia Magnolia fraseri huko milimani mashariki, ina masikio lakini jani lake ni tupu pande zote, halina ule weupe. Majani yakishaanguka unazitenganisha kwa tumba la ncha ya tawi. La macrophylla ni nene, limevaa manyoya meupe laini. La tripetala ni la zambarau, halina unyoya hata mmoja.

Nakueleza yote haya kwa sababu ukienda kununua utauziwa chochote. Mche usio na kibao cha jina la Kilatini uache hapo hapo.

Mti wako huu ndio wenye jani zima, yaani lisilogawanyika kuwa vijani vidogo, kubwa kuliko mti mwingine wowote wa asili wa Amerika Kaskazini. Inchi 30 si ajabu. Ua hufika futi moja kwa upana, na ukilichungulia ndani utaona kila petali ya ndani ina doa la zambarau kwenye shina lake. Halina asali ya kuwapa nyuki. Wanaolishughulikia hasa ni mbawakawa, wanaingia kula chavua na kujiburura humo. Siku ya kwanza ua linakuwa jike, linapokea. Baadaye linafunguka tena likiwa dume, linatoa chavua. Aliyelipa jina hilo la kitaalamu ni Mfaransa André Michaux, katika kitabu kilichotoka Paris mwaka 1803. Mwenyewe hakukishika mkononi. Alikuwa amefariki mwaka 1802 huko Madagaska, safarini akitafuta mimea mingine. Mtu aliyezunguka misitu ya Carolina na Kentucky akaja kulala kwenye bahari yetu!

Sasa hoja ya mzee wa nyumba. Magnolia isiyopukutika anayoitaka ni Magnolia grandiflora, ya kusini zaidi, pwani ya Carolina kuelekea Texas. Louisville inaishi, sikatai. Lakini mwambie mambo mawili. Moja, anadhani ataepuka kufagia, kumbe ile inadondosha majani makavu magumu mwaka mzima, zaidi wakati wa masika, na wewe unaokota kila juma. Pili, barafu. Waliokuwepo Kentucky Januari 2009 wanakumbuka ile dhoruba ya barafu, miti ilivyopasuka usiku kucha. Mti wenye majani wakati wa baridi unabeba barafu juu ya kila jani. Uliopukutika unabeba kwenye matawi tu.

Na zile za maua ya waridi mnazoziona mbele ya nyumba nyingi mwezi wa tatu, zenye damu ya Kichina, zinachanua kabla ya majani. Mwaka mmoja zinapendeza, mwaka unaofuata baridi inarudi usiku mmoja na asubuhi maua yote ni ya kahawia. Hii ya kwetu hapa haina haraka. Inatoa majani kwanza, halafu ndipo inachanua mwezi wa tano au wa sita, baridi imekwisha kabisa. Ndiyo maana mimi nasema mwenye kutaka magnolia Kentucky apande ya Kentucky.

Mbele ya nyumba, hapana. Nisamehe, najua ndiyo uliyoipania. Ulivyoiona ulikuwa unateremka bondeni, kuna kijito, juu kuna miti mirefu. Hapo ndipo inapokaa kwa hiari yake: chini ya mteremko, imekingwa, udongo una unyevu na takataka za majani. Jani la ukubwa ule ni jembamba. Upepo wa magharibi utalichana likabaki vipande, na jua la saa tisa mwezi wa saba litaunguza kingo. Hata lile uliloliokota lilikuwa limekatwa na upepo, na huko ni bondeni! Ipeleke nyuma, upande wa mashariki, ipate jua la asubuhi, halafu ule mwaloni wa jirani uifunike alasiri. Umekwisha kupewa kivuli bure na jirani, kitumie.

Iache futi 20 kutoka ukuta wa nyumba. Ikikua hufika futi 30 hadi 40 kwenda juu, na inapenda kutanuka. Mizizi yake ni minene, ina nyama, inatambaa juu juu. Si mizizi ya kuvunja bomba kama ya mierebi, lakini kwa nini uipande juu ya bomba? Alama za 811 zitakuonyesha linapopita.

Udongo ndio wenye neno. Chimba shimo la futi moja hapo unapopataka, lijaze maji, yakinywewa lijaze tena jioni. Asubuhi ukikuta maji bado yamesimama, acha macrophylla, mizizi itaoza. Panda Magnolia virginiana, ile inavumilia hata kinamasi, ua lake dogo lina harufu ya limau, na huku kwetu nayo hupoteza majani mengi au yote baridi ikikaza. Maji yakiwa yamekwisha, endelea. Kisha chukua udongo kidogo upeleke ofisi ya ugani ya kaunti yako, ni ya Chuo Kikuu cha Kentucky, wataupima. Eneo letu lina mawe ya chokaa chini, na magnolia inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Ikiwa juu sana utaona majani yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ofisi watakwambia uweke salfa kiasi gani. Usikadirie kwa macho.

Kung'oa porini: kule ni msitu wa taifa, hairuhusiwi bila kibali. Lakini hata wangeruhusu, ningekukataza. Ile mizizi yenye nyama haipendi kukatwa. Kimche ukikiona kina futi mbili juu, chini kimeshatambaa mbali, utaondoka na robo ya mizizi na majani yote, kitakufa mwezi wa nane. Nunua kilichooteshwa kitaluni kwenye chungu. Na nunua kidogo! Watu wanataka mti wa futi kumi ili waone matunda ya fedha zao siku hiyo hiyo. Ule mkubwa unakaa miaka unaugulia mizizi iliyopotea; mdogo unaupita ukiuangalia.

Panda masika mapema, matumba yanapoanza kuvimba, si vuli. Mizizi ya namna hii ikijeruhiwa halafu ikakaa kwenye udongo baridi wenye maji, huoza badala ya kupona. Shimo liwe pana mara tatu ya chungu, kina kisizidi kile cha udongo wa chungu. Kwa mfinyanzi wako mimi ningeuinua inchi moja au mbili juu ya usawa wa uwanja. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi paonekane, pasifukiwe. Rudishia udongo ule ule uliochimba. Ukijaza mboji tupu kwenye shimo la mfinyanzi umetengeneza beseni, maji yataingia na hayatoki. Mbolea ya chumvichumvi siku ya kupanda, usiweke.

Na ukishaupanda, umeshaupanda. Usije mwaka wa tatu ukaamua kuusogeza kwa ajili ya trampolini.

MamanFuraha, Bowling Green, Kentucky

Jambo dada, jambo baba Amani. Miye natokea Uvira. Ile muti iko kwa jirani yangu, alikuta iko pale wakati alinunua nyumba. Ni muzuri sana, sitasema uongo. Wakati wa maua arufu yake inafika mpaka kwa dirisha yangu asubuhi.

Lakini wacha nikuambie ya majani, juu watu hawasemake. Mwisho wa mwezi wa kumi inaanguka yote karibu mara moja. Ni mikubwa, ikinyesha inalala chini inafunika nyasi, nyasi ya chini yake inakufa. Kukusanya na mikono ni kazi bure. Jirani anapitisha mashini ya kukata nyasi juu yake wakati iko mikavu, anapita tena, inakuwa vipande, anairudisha chini ya muti. Nyasi pale karibu na muti aliondoa yote.

Batoto bangu banachukua ile mikubwa, banachora sura kwa upande wa nyeupe, banatoboa macho, banavaa. Mwaka jana walienda nayo kuomba bombo (pipi) ya Halloween. Hatukununua kitu.

MamaZawadi, Louisville, Kentucky

MamanFuraha umeniuza kabisa kwa hizo sura, Zawadi ameshaniuliza majani yanaanguka lini.

Babu asante sana, nimesoma mara mbili na mume wangu nimemsomea kwa sauti ile sehemu ya kuokota majani kila juma. Amenyamaza. Shimo la maji nimechimba nyuma, karibu na kona ya mashariki. Jioni nilijaza mara ya pili, asubuhi nimekuta tope tu chini, maji hakuna. Kwa hiyo hapo panafaa, au tope lile ni dalili mbaya?

Jambo jingine. Wenzetu wa kanisani walirudi kule juzi, na mmoja wao ana tunda la mti huo alilopewa na rafiki yake mwenye shamba karibu na huko. Ni duara, limeanza kuwa na rangi ya waridi, lina mbegu nyekundu zinachungulia. Naweza kuotesha mwenyewe? Na kutoka mbegu mpaka ua ni muda gani, mume wangu anataka kujua kama atakuwa hai.

BabuAmani, Lexington, Kentucky

Tope halina shida, maji yamekwisha, hapo panafaa.

Mbegu zinaota vizuri, ila zina taratibu zake. Liache tunda mezani mpaka vyumba vyake vifunguke. Utaona mbegu zinatoka na kuning'inia kwa uzi mweupe mwembamba sana. Mwonyeshe Zawadi, asiuvute haraka, uzi unarefuka. Ile nyama nyekundu lazima itoke, ina mafuta na inazuia mbegu kuota. Loweka siku mbili hivi, badilisha maji, halafu zisugue kwenye chujio kwa vidole na tone la sabuni ya vyombo, suuza. Ndani utapata mbegu nyeusi ngumu. Usizianike! Zikikauka zimekufa. Zitie mara moja kwenye mchanga wenye unyevu, ule ukiukamua mkononi hautoi maji, ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, uandike jina na tarehe, weka kwenye friji mahali pasipoganda. Miezi mitatu hadi minne. Mbegu hizi zimezoea kupitiwa na baridi, bila hiyo hazishtuki. Ukizitia friji sasa mwezi wa tisa, unazitoa Januari. Zipande kwenye vyungu virefu, si vipana, dirishani penye mwanga, utoe nje baridi kali ikishapita. Funika vyungu kwa wavu, panya wa miti wanazipenda kuliko wewe.

Muda wa ua: kutoka mbegu, miaka kumi si mingi kwa mti huu, mara nyingi ni zaidi. Lakini mwambie mzee majani yatakuwa makubwa tangu miaka ya mwanzo, na mche mdogo hutoa majani makubwa kupita kiasi cha shina lake, inachekesha kuiangalia. Akiwa hana subira kabisa kuna Magnolia ashei, ndugu yake wa karibu mno, wengine wanaiweka kama tawi la macrophylla. Asili yake ni kipande kidogo cha Florida kaskazini magharibi, lakini baridi ya Kentucky inaivumilia. Haiwi ndefu, na inaweza kutoa ua ikiwa na miaka mitatu au minne, ua lenye upana wa kutisha kwenye kijiti cha kimo cha mtoto. Si ya asili ya Kentucky, nasema ukweli, lakini kwa kiwanja kidogo naiheshimu.

Asije muuzaji akakushawishi Magnolia acuminata kwa sababu nayo ni ya huku. Ni mti mzuri, tunda lake changa ni kijani na lina umbo la tango, lakini unafika futi 60 hadi 80. Ni wa shamba. Huo ndio ulioozeshwa na magnolia ya Kichina pale bustani ya mimea ya Brooklyn wakapata 'Elizabeth', yenye maua ya manjano mepesi, iliyosajiliwa mwaka 1977. Inauzwa sana. Mimi maua ya manjano hayanisisimui, ila hayo ni ya kwangu.

JumaMaryland

Babu nichomekee swali hapa hapa. Nina magnolia ndogo ya maua ya nyota, Magnolia stellata. Kiangazi hiki matawi yamekuwa meusi kama masizi, chini ya mti kunanata, sisimizi na manyigu hawaishi. Nikiangalia kwa karibu kwenye matawi kuna vinundu vya rangi ya waridi na kahawia, vina unga mweupe, vikubwa kama nusu inchi. Mtu wa dukani kaniuzia dawa ya ukungu, nimepulizia, hakuna kilichobadilika.

BabuAmani, Lexington, Kentucky

Ukungu ule mweusi ni mgeni tu. Hivyo vinundu ni wadudu gamba wa magnolia, wananyonya utomvu, wanatoa maji matamu, masizi yanaota juu ya maji hayo na sisimizi wanakuja kulamba. Dawa ya ukungu haiwagusi.

Wachache unawakwangua kwa brashi laini na maji ya sabuni, wanatoka. Wakubwa hao wanazaa mwisho wa kiangazi, vitoto vinatambaa mwezi wa nane mwishoni mpaka wa tisa kutafuta vijiti vichanga vya kukaa wakati wa baridi. Tawi lililosheheni likate sasa ulitie kwenye mfuko, usilitupe chini ya mti. Halafu masika, kabla matumba hayajafunguka, nyunyiza mafuta maalumu ya kuulia wadudu wa mimea, yaloweshe vijiti vyote hasa upande wa chini, siku isiyoganda. Soma kipimo kwenye chupa. Usimpulizie sumu kali kila kitu kinachotembea, maana kuna wadudu wanaokula hawa gamba, ukiwaua hao umejipa kazi ya kudumu.

Mama Zawadi, wanapenda zaidi stellata, acuminata na zile za Kichina za maua ya waridi, lakini hata wewe ukipita angalia vijiti.

KakaDayton, Ohio

Miaka kumi kusubiri ua. Mtini wangu ulizaa mwaka wa pili. Nasema tu.

MamaZawadi, Louisville, Kentucky

KakaDayton tulia, utaletewa jani uvae.

Tumeamua. Tunanunua mche mmoja wa macrophylla tupande masika nyuma, na mbegu Zawadi ataotesha zake kwenye friji yetu, zimeshapata nafasi nyuma ya maziwa. Mume wangu amekubali kwa sharti kwamba mbele tupande kitu chake, tutajua baadaye ni nini. Babu, la mwisho: tukienda kununua niombe ukubwa gani, na kiangazi cha kwanza namwagilia vipi? Ninafanya zamu ya usiku, siwezi kusimama na mpira kila siku.

BabuAmani, Lexington, Kentucky

Omba chungu cha galoni moja, kisizidi tatu. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji autoe mche chunguni uone mizizi. Ikiwa imezunguka chungu mara nyingi mpaka imefanya pete, rudisha, chukua mwingine. Udongo ukimomonyoka wote mche unapotoka, mche huo umehamishiwa chungu kipya majuzi, nao uache. Angalia na gome, ni jembamba na laini, lisiwe na jeraha. Vitalu vya kawaida vya barabarani mara nyingi hawana macrophylla. Tafuta vinavyouza mimea ya asili, na uulize mapema, Januari, maana miche yenyewe huwa michache. Ukipata nafasi nenda pia Bernheim pale Clermont, si mbali na kwenu, bustani kubwa ya miti, uangalie magnolia zilizokomaa kabla hujaamua futi zako.

Maji si kila siku. Kama mvua haikunyesha wiki hiyo, weka mpira karibu na shina, ufungue utiririke kidogo kidogo, ulale ukitoka kazini, uufunge ukiamka baada ya saa moja au mbili. Ingiza kidole kwenye udongo kwanza, ukiwa na unyevu inchi tatu chini acha. Fanya hivyo viangazi viwili vya mwanzo, na ukame ukizidi hata baadaye.

Nyasi ziondoe duara la futi tatu kila upande, weka matandazo ya maganda ya miti au yale majani yaliyosagwa aliyosema MamanFuraha, unene wa inchi tatu, yasiguse shina. Duara hilo ni la kumzuia mzee na mashine yake ya uzi ya kukatia nyasi. Ule uzi ukilizunguka gome la magnolia changa mara moja tu, mti umekwisha. Kupogoa usihangaike nako, ukiwa na tawi lililokufa likate baada ya maua, si wakati wa baridi, vidonda vyake vinapona polepole.

Na usipande maua chini yake ukawa unachimbachimba kila masika. Mizizi iko hapo hapo juu.